Shajara na Baiskeli: Kisumu Hadi Luanda Kabla ya Pasaka

Jumapili, 5 Januari 2025. Kilomita 0.

Baiskeli imeingia nyumbani jana jioni. Ni ya mtumba, fremu ya chuma, tairi za inchi 26, gia ishirini na moja ambazo kumi hivi ndizo zinazokubali kuingia. Nimeilipia shilingi 13,500. Wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa nimeshalivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, lile nililokwenda nalo shule ya bweni, na ndani yake nimekuta kaunta buku saba zenye mwandiko wangu. Ya kwanza inaanza Machi 2001. Ya mwisho inakatika Novemba 2009, katikati ya ukurasa.

Nina miaka arobaini na minane. Miaka ile ya madaftari nilikuwa naenda kazini kwa baiskeli kutoka Nyamasaria hadi mjini, siku sita kwa wiki, na usiku naandika. Vyote viwili niliviacha pamoja, nilipokuwa na mimba ya Brian na barabara imeshajaa pikipiki. Nilidhani naahirisha kwa mwaka mmoja.

Mpango wenyewe ni huu. Jumamosi ya Pasaka, tarehe 19 Aprili, niondoke hapa Migosi, mtaa wetu wa Kisumu, alfajiri, niende kwa baiskeli hadi kwa mama, mji mdogo wa Luanda kule Bunyore. Njia ni ya Kisian na Maseno, kilomita thelathini na kitu. Ziwa liko mita 1,130 na kitu juu ya usawa wa bahari, Maseno iko mita 1,500 hivi, kwa hiyo mlima upo na haukwepeki. Na kila nikitoka na baiskeli, nikirudi niandike ukurasa mmoja kabla sijaoga. Kabla sijaoga, kwa sababu najijua: nikishaoga nitashika sufuria, na nikishika sufuria siku imekwenda.

Baba Faith ameizunguka baiskeli mara mbili, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akasema, "Mama Faith, hii inataka fundi kwanza." Kesho kutwa naipeleka.

Jumamosi, 11 Januari. Kilomita 7.

Fundi anakaa chini ya mwembe kando ya barabara ya Kibos. Kila mtu anamwita Jaduong', yaani mzee, nami namwita hivyo hivyo. Amenipita miaka ishirini au zaidi. Ameilaza ndiga, kama anavyoiita kwa Kijaluo chake, akafungua pale pedali zinapoungana na fremu, akamwaga goroli kwenye kifuniko cha mkebe wa rangi. Zilikuwa kavu, na tatu zimemegeka. Kaziosha kwa mafuta ya taa, kaweka mpya, kapaka grisi kwa kidole. Cheni ameibadilisha. Breki za nyuma ameziwekea mpira mpya. Nimekaa kwenye jiwe saa mbili nzima nikimtazama, na sikukumbuka hata mara moja kushika simu.

Baadaye nimekwenda kuelekea Kibos, tambarare tupu, reli upande mmoja na miwa ikianza upande mwingine. Kilomita tatu na nusu kwenda, tatu na nusu kurudi. Mwili umekumbuka namna ya kukaa juu ya baiskeli, lakini goti la kulia halikukumbuka chochote. Limeniuma kuanzia nilipogeuza na sasa nikiandika bado linauma.

Jumamosi, 18 Januari. Kilomita 12, jumla 27 pamoja na za katikati ya wiki.

Goti limepona kwa kitu kidogo. Nimemwambia Jaduong' linavyouma, mbele, chini kidogo ya pia ya goti. Hakuuliza swali. Ameniambia nikae juu ya tandiko huku ameshikilia usukani, niweke kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu ulikuwa umepinda sana. "Umekaa kama mtoto," akasema, "goti linafanya kazi ya paja." Akapandisha tandiko kiasi cha upana wa kiganja, mpaka mguu ukanyooka kwa kisigino. Nikiweka sehemu ya mbele ya unyayo, goti linabaki limepinda kidogo tu. Nimekwenda hadi Kibos kwenyewe na kurudi bila maumivu.

Tatizo la tandiko la juu ni kusimama: miguu haifiki chini vizuri, inabidi niteremke mbele ya tandiko kila nikisimama. Nitazoea. Miaka ile nililishusha makusudi ili nifike chini, na nilikuwa naumwa magoti nikiwa na miaka ishirini na mitano. Nilidhani ni baridi ya asubuhi.

Jumapili, 26 Januari. Kilomita 12, jumla 63.

Kuendesha kunakwenda vizuri kuliko kuandika. Nimeyasoma maingizo yangu ya mwezi huu. Moja linasema: "Nimekwenda Kibos, nimerudi. Nimechoka lakini vizuri." Hilo si ingizo, ni stakabadhi. Mimi ni karani wa hesabu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, na mkono wangu umezoea kuandika kiasi na tarehe na kuufunga mstari.

Nimejaribu kuzungumza kwenye simu nikiwa njiani ili niandike baadaye. Nimesikiliza nilichorekodi: upepo, na mtu anayepumua. Nimeacha. Sasa nimenunua kijitabu kinachoingia mfukoni, nakifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya jasho, na nikisimama kunywa maji naandika maneno matatu au manne tu ya vitu nilivyoviona. Leo: *mama kigoda mahindi ya kuchoma. Treni ya mizigo imesimama. Mtoto kapiga saluti.* Nilipofika nyumbani maneno hayo yalivuta ukurasa mzima na nusu ya pili. Mtoto yule alikuwa amevaa sare ya shule siku ya Jumapili, na alipiga saluti akiwa amekaza uso kama askari wa gwaride. Ningeoga kwanza, angepotea.

Jumapili, 2 Februari. Kilomita 0.

Leo mvua isiyo ya msimu. Nimekaa na madaftari saba.

Nilianza kuyasoma kwa hamu, kisha nikaanza kwa penseli kuweka alama pembeni, kisha nikachukua karatasi nikagawa safu mbili. Hiyo ndiyo tabia ya kazi yangu. Maingizo ni 643. Nimeuliza kila moja swali moja: siku hii, kwa mujibu wa ilivyoandikwa, ilikuwa ya heri au ya shida? Ya shida: 571. Nisizoweza kuamua: 34. Ya heri: 38.

Nimehesabu tena, nikidhani nimekosea.

Kodi ya nyumba. Mkubwa wa kazi ambaye simtaji hapa. Ugonjwa wa baba. Maji kukatika. Mimba iliyotoka mwaka 2004, kurasa kumi na moja, mwandiko umeegemea upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Kuanzia mwisho wa Desemba 2007, fujo za baada ya uchaguzi, kuna kurasa tatu tupu kisha tarehe ya Februari 2008. Hizo nazikumbuka bila kuandikwa. Jirani Mjaluo alitufungia chumbani kwake siku nne na akalala mlangoni yeye mwenyewe. Kwenye daftari hayumo. Tupu.

Na Baba Faith. Yumo mara 61, kwa herufi B. Amechelewa. Amesahau. Amenyamaza. Hajaleta. Nikimsoma huyo B simjui. Mwanamume niliyeishi naye miaka yote hii, anayeamka kabla yangu kuweka maji ya chai, sioni alama yake humo.

Nimeyarudisha sandukuni na nimeweka kufuli.

Jumamosi, 15 Februari. Kilomita 21, jumla 138.

Nimekwenda hadi njia panda ya Kisian kwa mara ya kwanza, kupita uwanja wa ndege na Otonglo. Pale barabara inagawanyika: kushoto Bondo, kulia ndiyo yangu, na unauona mlima ukianza palepale. Sijaupanda. Nimeutazama tu, nikala ndizi mbili, nikageuza.

Nimejifunza jambo la upepo. Alfajiri unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, mwepesi, haukusumbui. Mchana nchi ikishapata moto unageuka, unatoka ziwani, tena kwa nguvu. Leo nilichelewa kuondoka, na ukanikuta usoni.

Jambo lingine la mwili, na naliandika kwa sababu hakuna aliyeniambia mapema. Niko katika miaka ya kukoma hedhi. Joto linanipanda ghafla usiku, shuka linalowa, nalala vipande vipande. Sisemi baiskeli ni dawa. Lakini joto likinijia nikiwa barabarani ninaendesha, silitofautishi na joto la kazi, linapita kama vitu vingine vinavyopita. Dada zangu mlio umri huu mtanielewa.

Jumamosi, 1 Machi. Kilomita 49, jumla 246.

Ahero! Kupitia Nyamasaria na Rabuor, kisha uwanda wa Kano wote ukiwa umefunguka mbele. Hakuna mlima hata mmoja. Milima ya Nandi iko kushoto kwa mbali kama ukuta. Ukifika Ahero kuna mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa miaka ya 1960, maji yanavutwa kwa pampu kutoka mto Nyando na kugawanywa kwa mifereji. Nimesimama juu ya tuta la mfereji. Yangeyange walikuwa wengi, weupe, kila mmoja na kivuli chake ndani ya maji, wakitembea nyuma ya ng'ombe wanaolima matope. Harufu ya matope yale, tamu na nzito, niliifahamu. Nilishawahi kuja hapa kwa baiskeli. Nilikuwa na mtu.

Nimerudi njia nzima nikijaribu kukumbuka ni lini na ilikuwaje.

Usiku nimefungua sanduku. Ahero haimo kwenye daftari lolote.

Jumapili, 9 Machi. Kilomita 12, jumla 282.

Nimemwambia Baba Faith.

Sikupanga. Tulikuwa tumekaa uani, Brian amekwenda kanisani na vijana wenzake, mimi nina jasho na kalamu mkononi. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Yale madaftari ya zamani, mimi nimo?" Nikasema yumo. "Mara ngapi?" Nikamwambia mara 61. Akacheka, akafurahi. Ikabidi nimwambie yaliyoandikwa.

Alinyamaza kwa muda. Huyu ni mwalimu wa hisabati, amesahihisha makosa ya watu miaka ishirini na mitano, anajua kunyamaza. Halafu akasema, "Basi mengine niulize mimi."

Nikamuuliza Ahero. Akajibu hapohapo: mwaka 2003, kabla hatujaoana, baiskeli yangu na ya kuazima kwa kaka yake, tulinunua mchele kilo tano, mfuko ukapasuka kwenye kerieri, tukaacha mstari wa mchele kutoka Rabuor hadi Nyamasaria, na mimi nilicheka mpaka nikateremka kwenye baiskeli nikakaa chini. Nilipomsikia akisema nikaiona. Mpaka rangi ya mfuko.

Kisha nikachukua daftari la nne, nikafungua popote, nikamsomea tarehe bila yaliyomo. Jumapili, 14 Agosti 2005. Ingizo lenyewe linasema: "Hela ya kodi haijatimia. B. hasemi tutafanyaje. Maji hakuna tangu Ijumaa." Basi. Yeye akafumba macho akahesabu kwa vidole. "Agosti 2005," akasema, "Jumapili ya katikati. Si ndiyo ile tulikwenda Dunga?"

Mimi sikuikumbuka Dunga, kule ufuoni mwa ziwa.

"Uliniambia una mimba ya Faith," akasema. "Pale wanapoanika omena. Ulisema, 'Usimwambie mtu, hata mama.' Nami sikumwambia mtu mpaka Novemba."

Ninakumbuka kumwambia. Siku zote nimeamini nilimwambia nyumbani, chumbani, taa imezimwa. Yeye ana Dunga, omena, mwanga wa saa kumi. Mimi nina giza. Na ndani ya daftari, siku yenyewe, mimi mwenyewe kwa mkono wangu nimeandika habari za maji.

Jumanne, 11 Machi. Kilomita 0.

Siwezi kulala. Nimejua kwa nini.

Nilikuwa nimeandika ile mimba ya kwanza tangu siku niliyoijua. Kila kitu: kichefuchefu, majina, kitambaa nilichonunua soko la Kibuye. Kisha ikatoka. Ya pili ilipokuja sikuthubutu kuiweka kwenye karatasi. Niliogopa kuitaja kabla haijakaa. Nilikuwa nakaa usiku na kalamu na jambo kubwa kuliko yote limo ndani yangu, na naandika maji hakuna tangu Ijumaa. Nimeangalia: Faith hatajwi mpaka Februari 2006, siku ya tatu baada ya kuzaliwa, mstari mmoja. "Mtoto ni mzima."

Baada ya hapo nadhani ilikuwa mazoea. Shida nilizimwaga pale kwa sababu sikuogopa kuzipoteza. Cha heri nilikificha, na nilikificha vizuri mpaka kikanipotea mimi mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi. Kilomita 19, jumla 301.

Dunga, wawili. Baba Faith kaendesha baiskeli ya Brian, magoti yanakaribia kugonga usukani. Mjini tulipita taratibu kwa sababu ya tuktuk. Kijana mmoja wa boda aliyekuwa amesimama na pikipiki yake alituita, "Wazee, mmeishiwa mafuta?" Baba Faith akasimama kumweleza kwamba boda boda za kwanza zilikuwa baiskeli, pale mpakani Busia, zikivusha watu kati ya Kenya na Uganda. Na hapa Kisumu vijana wa baiskeli, viti vya sponji kwenye kerieri, walitawala barabara mpaka serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008. Kijana alisikiliza yote. Akasema babake alikuwa mmoja wao, na kwamba bado ana ile siti ya sponji, anaikalia akinywa chai.

Dunga kulikuwa na gugumaji limejaa ukingoni, mitumbwi imekwama kidogo, matete ya mafunjo yamesimama nyuma. Omena zilikuwa zimeanikwa juu ya nyavu, chini kwa chini, zinameta. Baba Faith alinionyesha mahali. Mimi sikupatambua, nami nimeamua kumwamini. Tulikula samaki kwa ugali. Tukarudi na mvua, nzito, ya saa tisa alasiri, tukajibanza chini ya kibanda cha muuza vocha na watu wengine sita.

Nimeandika kurasa nne. Mwisho nimeweka: *14 Agosti 2005, kwa mdomo wa Baba Faith*, na nimeandika Dunga ile kama alivyonipa, neno kwa neno, bila kuongeza changu. Nimefungua daftari jipya kwa ajili ya hayo. Upande wa kushoto tarehe za zamani, upande wa kulia jina la aliyenisimulia.

Jumapili, 30 Machi. Kilomita 24 kwa wiki mbili, jumla 325.

Mvua za masika zimeanza hasa. Matope yameingia kwenye cheni, inasaga. Jaduong' kanionya nisioshe kwa maji ya nguvu kwa sababu yanasukuma mchanga hadi kwenye goroli. Nifute kwa kitambaa na mafuta ya taa, nikaushe, niweke mafuta matone machache, nifute yaliyozidi. Mafuta yakizidi yanakamata vumbi.

Nimempigia mama kumuuliza mvua ikoje huko. Akacheka: Mnyore anaulizwa mvua na mtu wa Kisumu. Kwetu kuna ukoo wa Nganyi, watu wa mvua tangu enzi, wanaosoma majira kwa miti inavyochanua na kupukutisha, kwa wadudu, kwa upepo. Wataalamu wa hali ya hewa wa serikali walikwenda kukaa nao na kulinganisha utabiri wao na wa mitambo. Nimewaza habari hiyo nikiwa nafuta cheni. Wazee wale hutazama miti ileile mwaka hadi mwaka, uwe mwaka mwema au mbaya. Wangetazama miti inayokauka tu, wangeijuaje mvua?

Nimemuuliza mama pia kuhusu mwaka 2001, nilipoanza kazi. Amesema, "Hayo si ya simu. Njoo."

Jumamosi, 12 Aprili. Kilomita 31; jumla 398.

Jaribio la mlima. Nimepita Kisian nikaanza kupanda kuelekea Ojola. Gia ndogo kabisa ya mbele haikuingia mpaka niliposimama nikaivuta kwa mkono. Hilo ni la kurekebishwa wiki hii. Nilipanda dakika kumi na mbili, nikashuka nikasukuma, nikapanda tena. Malori yanayokwenda Busia yanapita karibu sana, upepo wake unakuvuta. Nimepata kioo kidogo cha kufunga kwenye usukani na nguo ya rangi ya chungwa inayong'aa, na nimeamua kila lori nililosikia nyuma nikiwa kwenye kona nitoke kabisa barabarani.

Nimegeuza juu ya Ojola. Kushuka nikaliona ghuba lote la Winam limelala chini, rangi ya bati. Sikuwahi kuliona kutoka pale bila kioo cha matatu kati yangu na lenyewe.

Jumamosi, 19 Aprili. Kilomita 36, jumla 447.

Naandika kwenye meza ya mama, Luanda, saa saba mchana, bado sijaoga.

Nimeondoka saa kumi na mbili na robo. Baba Faith na watoto walikuwa wafuate kwa matatu na mizigo. Kisian saa moja na dakika tano. Gia ndogo imeingia vizuri, Jaduong' alibadilisha waya. Kutoka pale nimepanda kwa kuhesabu nguzo za umeme: nguzo kumi naendesha, nasimama, napumua, nguzo kumi tena. Ojola. Lela, ambapo reli ya Butere inakaribia barabara. Umande umejaa kwenye majani, wanawake wamebeba ndizi kwenda sokoni, na wawili tofauti wameniuliza swali moja: "Mama, gari limeharibika?" Nikawajibu la, naenda kwetu. Mmoja akaniwekea ndizi mbili kwenye mfuko wa baiskeli bila kuniuliza kama nazitaka.

Kipande kabla ya Maseno nimesukuma kwa miguu, mita mia tano labda. Sina la kuficha hapo. Kwenye kibao cha Ikweta nimesimama. Faith alikuwa ameteremka kwenye matatu, anangoja pale peke yake na chupa ya maji. Amekuwa mrefu kuliko mimi, chuo kimemkondesha. Nilimkumbatia nikiwa nimelowa chapachapa. Nikamwambia, hapo hapo barabarani, habari ya Dunga na omena, na kwamba nilijua yupo wiki nyingi kabla mtu mwingine hajajua na nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa. Hakusema kitu. Alichukua baiskeli akaiendesha yeye hadi Luanda, mimi nikamfuata nyuma kwa boda, nikimwambia dereva asimpite.

Kilomita 36 ni za baiskeli, si zangu zote. Zangu ni 29 hivi. Nimeandika hivyo kwa sababu shajara hii lazima itimie.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili. Kilomita 0.

Jana usiku mama amenisimulia 2001 kwa saa mbili, jiko la kuni likiwaka, mvua juu ya bati. Nimejaza kurasa tisa za daftari jipya, upande wa kulia. Kulikuwa na mshahara wangu wa kwanza na kile nilichomnunulia, ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa: buti za mvua. Amezitoa. Zimepasuka, lakini bado anazo, amepanda sukumawiki ndani yake mlangoni.

Mambo yaliyobaki. Tairi la nyuma limeisha katikati, uzi unaonekana. Sitashuka nalo Maseno, tutaifunga baiskeli juu ya matatu na nitaipeleka kwa Jaduong' Jumatano. Spoku moja imekatika upande wa cheni. Kioo kimelegea. Kati ya maingizo 571 ya shida, nimepata cha kuandika upande wa kulia kwa 14 mpaka leo. Jirani wa Januari 2008 alihamia Siaya. Baba Faith anayo namba ya mwanawe, nitampigia kuomba ruhusa ya kwenda kumwona. Kutoka hapa Luanda kwenda Siaya, nimeangalia ramani, mlima haupo sana.